Matengenezo: Hakuna

Mama Vyumba alikuwa na vyumba sita vya kupangisha, na cha saba alilala mwenyewe. Vilijipanga safu mbili zinazotazamana, katikati ua wa saruji, bomba moja, kamba nne za kuanikia nguo, na choo mwishoni kilichopakwa chokaa kila mwaka. Hapakuwa na kitu cha kumtia mtu wivu, isipokuwa kimoja: kila mlango ulifunga, kila taa iliwaka, na paa halikuvuja. Ukiona hilo ni jambo dogo, basi wewe hujawahi kupanga.

Alivijenga kimoja kimoja kwa miaka kumi na tisa tangu mumewe afariki, kwa fedha za kushona sare za shule. Na katika miaka hiyo alijifunza jambo moja ambalo halifundishwi popote. Mtu akija kuuliza chumba, wenye nyumba wengine humhoji kama polisi: umeoa, una watoto wangapi, unapiga muziki? Yeye aliuliza swali moja tu.

"Unafanya kazi gani?"

Akijibu kwamba ni karani, chumba kimejaa, hata kama mlango uko wazi na ufagio umeegemea ukutani ndani. Akisema ni mwalimu, pole mwalimu, aliyekutangulia ameondoka na ufunguo sasa hivi. Lakini akisema ni fundi: "Karibu, baba, keti. Utakunywa chai?"

Ndiyo maana chumba cha kwanza kilikuwa na fundi bomba, cha pili fundi umeme, cha tatu mwashi, cha nne seremala, cha tano fundi rangi, na cha sita mchomeleaji wa vyuma. Bomba likianza kudondosha, Mama Vyumba hakumpigia mtu simu. Alisimama uani akasema kwa sauti, kama anayezungumza na kuku, "Hili bomba nalo limeanza kulia." Kabla chai haijapoa, fundi bomba alikuwa ametoka na spana, taulo kiunoni, povu la sabuni bado sikioni. Naye fundi akichelewa kulipa kodi, Mama Vyumba alipatwa na usahaulifu wa wiki mbili. Mke wa mwashi alipojifungua, uji ulitoka jikoni kwa Mama Vyumba siku arobaini. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyedai.

Mwanawe wa pekee alikulia hapo hapo. Alikulia nyumba ambayo bomba likivuja asubuhi, jioni limenyamaza. Akadhani ndivyo mabomba yalivyo.

Akasoma, akapata kazi ya ukarani wa stoo, akavaa tai. Hadi hapo hakuna ubaya. Kisha akaenda semina.

Semina yenyewe ilikuwa ya siku mbili, katika ukumbi wenye kiyoyozi na vile vichupa vya maji ambavyo mtu mzima huvimaliza kwa mkupuo mmoja. Mkufunzi alivaa viatu vilivyochongoka, bila soksi, ishara kwamba utajiri umemjaa hadi soksi zimekosa nafasi. Alifundisha mengi, lakini ukiyachemsha yote yanabaki mawili. La kwanza, mwenye vyumba vichache si mwekezaji, ni mlinzi wa vyumba. La pili, uza kidogo ulicho nacho, nunua kikubwa, na pengo litajazwa na benki, maana benki ni rafiki. Sawa, ni rafiki. Ila ni rafiki anayeshika kwanza hati ya nyumba yako ndipo akusalimie.

Mwana alirudi amebadilika hata mwendo. Mtaani wakaanza kumwita Mwekezaji, naye, masikini, akadhani wanamsifu. Vyumba vya mama yake navyo vikapandishwa cheo: vikaitwa yuniti.

"Mama, una yuniti sita tu. Umekwama."

"Nimekwama wapi, baba? Mbona nimekaa tu hapa nachambua mchele."

"Miaka kumi na tisa, yuniti sita! Ukinunua jengo moja la ghorofa, lenye fleti kumi na sita, unapiga hatua ya miaka hamsini kwa siku moja."

"Mimi nina sitini na mbili. Nikipiga hatua ya miaka hamsini si nitatua kaburini?"

"Mama, haya si mambo ya mzaha."

"Nani kakwambia natania?"

Lakini mtoto wa pekee akikuomba kitu miezi mitatu mfululizo, na kila akiomba anapungua kula, mama gani ana moyo wa jiwe? Ndugu zangu mlio na vyumba viwili vitatu na mtoto aliyesoma, someni hapa polepole.

Jumapili moja mchana Mwekezaji alikuja na fomu ya benki, akaketi na kalamu kama hakimu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote ikajazwa. Akafika katikati ya ukurasa.

"Matengenezo. Kwa mwaka unatumia kiasi gani?"

Mama Vyumba alifikiri kwa uaminifu kabisa, macho akiyaelekeza darini.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Mwekezaji akaandika: Hakuna. Mama Vyumba alitaka kusema, "Fedha hakuna, baba, lakini watu wapo." Akaona haya. Amwambieje mwanawe mwenye tai kwamba nyumba iliyomsomesha inasimama kwa hisani ya mafundi sita na birika la chai? Itaonekana umaskini. Akanyamaza, akaendelea na mchele wake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu mwenyewe akinyamaza, guu la nani linavunjika.

Benki, afisa mikopo aliposoma fomu alivua miwani. "Nyumba isiyoharibika!" alisema. Kisha akapiga hesabu: kama vyumba sita havina gharama ya matengenezo, basi na fleti kumi na sita hazina. Sifuri ni tamu kuzidisha, haikosei hata ukiwa umesinzia.

Jambo moja tu Mama Vyumba aliling'ang'ania. Chumba chake kisiuzwe.

"Sitaki ghorofa, sitaki yuniti," alimwambia mwanawe. "Nataka nizeekee nyuma ya mlango ambao hakuna mtu duniani wa kuugonga na kuniambia fungasha. Basi."

"Mnunuzi anataka kiwanja chote, Mama. Lakini utapata fleti yako kule, ghorofa ya nne, juu kabisa. Utauona mji mzima!"

"Mji umenikosea nini hadi niuchunguze?"

Walisumbuana wiki nzima. Mwishowe wakakubaliana kwamba jengo litaandikwa majina mawili, la mama na la mwana, na lisiuzwe bila sahihi zote mbili. Mama Vyumba alishika hapo kama mtu anayeshika kamba ya ndoo kisimani.

Mwenye jengo alikuwa mtu wa makamo, mpole, kila sentensi yake ilianza na pole, hata wakamwita Mzee Pole. "Pole kwa jua. Pole kwa ngazi. Pole mama, shika ukuta." Aliwapitisha fleti zote, na kila jikoni alifungua bomba. Maji yalitoka kwa kishindo, meupe, baridi. Mwekezaji alipiga picha maji. Mama Vyumba alikagua bawaba, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akanusa pembe za bafu, akauliza rangi imepakwa lini. Maswali mazuri yote, ya mtu mzoefu. Moja tu hakuuliza, kwa sababu kwake jibu la swali lile lilikuwa limelala nyumbani vyumba sita.

Siku ya kuhama, fundi bomba ndiye aliyembebea kitanda.

"Mama, huko juu nani atakushikia bomba?"

"Mwanangu anasema mabomba ya huko ni ya kisasa."

"Aa. Basi yataharibika kisasa."

Wakacheka. Mama Vyumba alicheka kidogo kuliko yeye.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri sana. Kodi za fleti kumi na tano ziliingia, benki ikameza, ikajifuta midomo. Mwekezaji alinunua miwani ya jua. Mwezi wa pili, siku ya Jumanne, Mama Vyumba alifungua bomba jikoni akasikia pumzi ndefu, kama ya mtu aliyechoka na dunia. Kisha kimya.

Chini ya ngazi kulikuwa na kijichumba, na ndani yake pampu inayosukuma maji hadi kwenye tangi la paani. Pampu ilikuwa imeungua. Mwekezaji aliita kampuni. Akaja mtu wa ovaroli safi mno, akatazama dakika tano, akataja bei kwa sauti ya chini kama daktari anayetaja ugonjwa mbaya.

"Hiyo bei ya pampu au ya jengo?" Mwekezaji aliuliza.

"Ya pampu. Ya kufunga ni mbali."

Mwekezaji akafungua faili lake, akatafuta mahali pa kutoa fedha hizo. Kodi yote ilikuwa ya benki. Mstari wa matengenezo aliukuta, upo, umeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, neno moja. Alilitazama lile neno muda mrefu.

Mama Vyumba yeye hakufungua faili. Alijitanda mtandio akaanza kugonga milango, toka ghorofa ya kwanza. Fleti kumi na tano! Akasema moyoni, kati ya watu wote hawa nitakosaje mmoja?

Mlango wa kwanza: karani wa bima. Wa pili: mhasibu. Wa tatu: mhasibu mwingine, hawafahamiani. Wa nne: binti anayejibu simu za wateja.

"Habari mama, nikusaidie nini?"

"Mwanangu, unayo spana?"

"Samahani, hiyo kwa sasa haipatikani."

Alipofika juu, magoti yanalia, alikuwa amehesabu makarani sita, binti wa simu, wahasibu watatu, wauzaji wa matangazo wawili, mkalimani mmoja, na wawili ambao hawakufungua ila walimwambia kupitia mlangoni kwamba hawanunui kitu. Jengo zima, hakuna aliyewahi kushika kitu kizito kuliko kikombe. Watu wazuri, wasafi, wanalipa tarehe moja. Wale wale aliokuwa akiwaambia kimejaa.

Mwekezaji aliposikia alikuja juu, hana pumzi kwa ngazi na kwa hasira.

"Mama, unaniaibisha! Mwenye jengo hagongi milango ya wapangaji."

"Sasa anafanya nini?"

"Ana mfumo."

"Haya. Uambie mfumo ulete maji."

Jumapili alimwita fundi bomba. Alikuja, amekonda kidogo. Mmiliki mpya wa vyumba alikuwa amepandisha kodi na hakuwa na ugonjwa wa kusahau. Fundi akafungua mfuniko wa pampu, akachungulia.

"Mama, mimi nafunga koki. Huu ni mtambo. Tena umefunguliwa mara nyingi kuliko sufuria ya mama mwenye watoto tisa. Angalia hapa. Kila skrubu ya aina yake."

Aliufungafunga kwa mpira na waya. Maji yakapanda, jengo zima likashangilia kama mechi. Yalipanda siku tisa.

"Njoo ukae hapa," Mama Vyumba alimwambia alipomwita tena. "Nikupe fleti, uangalie pampu."

Fundi akacheka kwa huzuni. "Kodi ya fleti moja hapa ni kodi yangu ya miezi minne. Utanipa bure? Muulize kwanza mwanao."

Wakamuuliza. Mwekezaji akashika kichwa. "Haiwezekani. Benki inahesabu zote kumi na tano zikilipa. Nikitoa moja, sifiki."

"Basi ile ya kwangu. Nitalala kwako."

"Mimi nimepanga chumba kimoja, Mama! Nimepunguza ili jengo lipone."

Hapo ndipo mama alipojua kwamba mwanawe, mwenye jengo la ghorofa nne, anaishi kwa watu. Alimtengea chakula, akamtazama akila.

Karani wa bima ndiye aliyehama kwanza. Hao kazi yao ni kuona balaa mapema. Wakafuata wahasibu, walipiga hesabu. Kufikia mwezi wa sita fleti tisa zilikuwa tupu, na ukikohoa ghorofa ya kwanza, ya nne inakujibu. Mwekezaji alikaa siku tatu na makaratasi, kisha akapanda juu na uso unaong'aa. Mama Vyumba akaogopa. Uso ule aliufahamu.

"Nimeona kosa letu, Mama. Jengo ni dogo. Fleti kumi na sita haziwezi kubeba gharama. Zikiwa arobaini, unaajiri fundi wako kabisa. Kuna moja linauzwa..."

"Mwanangu, mtu akizama kwenye pipa humtoi kwa kumtumbukiza kisimani."

"Lakini hesabu..."

"Hesabu niliisikia. Mara hii sinyamazi. Arobaini, hapana."

Wiki iliyofuata, bila kuitwa na yeyote, Mzee Pole akabisha hodi. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi na sura ya msibani.

"Poleni. Nimesikia. Jengo hili lina mitihani yake. Niko tayari kuwapokea mzigo."

Akataja bei. Ingefuta deni la benki, na kingebaki kidogo cha kufungulia kinywa. Mwekezaji alifunika uso kwa viganja. Mama Vyumba aliuliza, taratibu:

"Baba, wewe umekaa na jengo hili miaka mingapi?"

"Kwa vipandevipande, kumi na miwili."

"Vipandevipande?"

"Nauza, nanunua. Nyinyi ni wa nne."

"Na hiyo pampu ikiharibika, wewe huwa unamwita nani?"

Mzee Pole akatabasamu kwa upole wake wote. "Mimi? Mimi huita mnunuzi, mama."

Hata Mwekezaji aliinua kichwa. Lilikuwa jibu la wazi kiasi kwamba ungeweza kulitundika ukutani mwa ukumbi wa semina. Siku mbili za kiyoyozi hazikumfundisha lile.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu avae tai sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa uani, "nimekuponza. Usipotia sahihi, mwezi ujao benki itachukua lote, hata kile kidogo. Ukitia, huna pa kukaa. Amua wewe. Mimi kuamua kumenishinda."

Kalamu ilikuwa mezani. Mama Vyumba hakuigusa.

"Nitatia," alimwambia Mzee Pole. "Lakini fleti hii ninayokaa haimo. Inabaki yangu, na hati yake peke yake, kwa jina langu peke yangu. La sivyo zungumza na benki."

Mzee Pole alimtazama. Alitazama magoti yale yaliyofungwa vitambaa, akatazama bomba kavu, akakumbuka ngazi. Alijua vizuri kwamba jengo litauzika hata likipungua fleti moja ya juu, na kwamba mama huyu hafiki miezi mitatu kabla hajaiuza kwa bei ya kikombe cha chai.

"Pole sana, mama. Ngazi ni nyingi. Lakini chukua."

Wakili aliandika. Mama akatia sahihi, herufi moja moja, kama anayeshona kifungo.

Basi akabaki na mlango wake. Mwanawe alirudi kwenye stoo na chumba chake cha kupanga, na kila Jumapili alikuja kumpandishia madumu sita ya maji, ghorofa nne, tai haipo. Siku nyingine Mama Vyumba alipandisha mwenyewe, nusu ndoo nusu ndoo, akipumzika kila ngazi ya kumi. Nani atasema huo ni ushindi? Lakini hakuna aliyemgongea kumwambia fungasha. Miezi mitatu ikapita, ukapita na wa nne. Mzee Pole alikuwa amehesabu magoti. Mdomo hakuuhesabu.

Jumamosi moja asubuhi lilikuja lori la maji, likaunganisha mpira mrefu hadi paani, likajaza tangi. Mama Vyumba alifungua bomba lake jikoni. Maji yakatoka kwa kishindo, meupe, baridi. Alisimama akiyatazama, akaelewa kishindo cha siku ile ya picha kilitoka wapi. Akayafunga. Akachukua ndoo yake, ijapokuwa siku hiyo hakuihitaji, akashuka hadi ghorofa ya pili, akaketi katikati ya ngazi.

Haikuchukua muda. Sauti ya Mzee Pole ilitangulia: "Pole kwa jua. Poleni kwa ngazi." Nyuma yake kijana wa miaka thelathini hivi, faili kwapani, akipiga picha. Nyuma ya kijana, mbali kidogo, mwanamke mtu mzima, mkono mmoja ukutani, anapapasa rangi kwa kifundo cha kidole.

Mzee Pole alipoiona ndoo alisita, kisha akapata maneno. "Huyu ni mpangaji wetu wa siku nyingi. Pole mama, tupishe kidogo."

"Si mpangaji," Mama Vyumba alisema, akajisogeza upande mmoja. Mzee Pole akapita, kijana akapita. Mwanamke alipofika sawa naye, Mama Vyumba akamshika upindo wa gauni, kwa adabu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake uzi uliochomoka. "Mimi ndiye mnunuzi wa nne, dada."

Mwanamke akasimama. "Wa nne? Watatu wa kwanza wako wapi?"

"Kaa chini, unasubiri nini. Ngazi ni nyingi na habari ni ndefu."

Juu, Mzee Pole alikuwa anafungua bomba moja baada ya jingine. "Mama!" kijana akaita. "Mama, njoo uone maji!" Akaita tena. Mwanamke alipangusa ngazi kwa kiganja, akakusanya gauni lake, akaketi.